Singe ya Pembe Tatu na Sharia za Vita

Jambo nililokuja nalo jioni hii ni la chuma na damu, wala si la kusimuliwa kwa haraka.

Jumapili iliyopita, jua likiwa limekwisha pinduka, nilikuwa nimeketi katika soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo, penye zile bucha ambazo kila mkazi wa Eastlands huzijua kwa harufu kabla hajaziona kwa macho, nikingoja mbavu za mbuzi zilizokuwa motoni. Mezani tulikuwa watu wanne: mzee mmoja wa Shauri Moyo, ambaye marehemu babaye alikuwa askari wa Keya, lile jeshi la Mfalme wa Uingereza katika Afrika Mashariki, fundi mmoja wa vyuma wa Kamukunji, kijana mmoja anayesomea sheria, na mimi. Mazungumzo yalianzia katika jina la soko lenyewe, jina lililoletwa na askari waliorejea kutoka vita vya Burma, na mzee akatusimulia jinsi babaye alivyopita Bonde la Kabaw mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika matope na malaria, wakiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin, kisha akarudi nyumbani na kitu kimoja ambacho hakuruhusiwa kurudi nacho, nacho ni singe fupi ya Kiingereza, aliyoizungusha ndani ya blanketi lake.

Singe hiyo, alisema mzee, haikuwa na makali ubavuni. Ilikuwa ncha tupu, mfano wa msumari mkubwa, urefu wake shibiri moja hivi, na mifuo iliyochimbwa kutoka shinani hadi karibu na ncha. Mamaye, ambaye hakupenda kuiona ndani ya nyumba, aliifanya kigingi cha kamba ya kuanikia nguo, ikakaa uani miaka mingi ikitazamwa na watoto pasipo kuogopwa. Hata alfajiri ya Jumamosi tarehe 24 Aprili 1954, mitaa ya Eastlands ilipoamka na kujikuta imezingirwa na majeshi, mama huyo alitoka gizani, akaing'oa kwa mikono miwili, akaitupa katika mtaro wa maji machafu, na tangu siku ile haikuonekana tena.

Basi yule kijana aliposikia habari ya ile mifuo alisema, kwa adabu lakini kwa yakini kubwa, "Mzee, singe hiyo ilikuwa haramu. Singe za pembe tatu zimepigwa marufuku na Mikataba ya Geneva, kwa sababu jeraha lake halishoneki." Mzee akamtazama kwa muda, akamjibu, "Mwanangu, baba hakuinunua Gikomba. Alipewa na Mfalme wa Uingereza." Fundi akacheka. Kisha wote watatu wakanigeukia mimi, wakidhani kwamba mtu azungumzaye redioni hakosi jawabu la jambo lolote, nami nikawaahidi kwamba nitalitafuta na kulitoa hapa hapa, ili mwenye kujua zaidi apate kunisahihisha.

Nianze kwa kumnyima kijana wetu ushindi alioutaraji, ingawa baadaye nitamrudishia sehemu. Mikataba ya Geneva iliyotiwa saini tarehe 12 Agosti 1949 ni minne: wa kwanza unawahusu majeruhi na wagonjwa wa majeshi ya nchi kavu, wa pili wale wa baharini pamoja na waliovunjikiwa na vyombo, wa tatu mateka wa vita, na wa nne raia. Uisome yote, ibara kwa ibara, nawe hutakuta mahali palipoandikwa kwamba silaha fulani ina ncha ya namna fulani na kwa hiyo isitumike, kwa sababu kazi ya mikataba ile ni kumhifadhi mwanadamu aliyekwisha kuanguka mikononi mwa adui, wala si kupima vyuma vilivyomwangusha. Habari ya vyuma iko katika mlango mwingine wa sharia, ulio mkongwe zaidi, na mlango huo watu wameuzoea kuuita kwa jina la mji wa The Hague.

Asili yake ni risasi. Katika miaka ya 1860 Warusi walibuni risasi yenye kupasuka ndani ya kitu inachokipiga, hapo kwanza kwa ajili ya kulipulia magari ya baruti ya adui. Lakini ilipotengenezwa tena hata ikawa yaweza kupasuka ndani ya mwili wa mtu, serikali ya Urusi yenyewe iliona haya kuitumia, na ikahofu kwamba wengine hawataona haya, ndipo ikawaita wajumbe wa dola nyingine St. Petersburg mwaka 1868, wakaafikiana kuziacha risasi za kupasuka zilizo chini ya uzito wa gramu 400. Lililo kubwa kuliko risasi zenyewe ni hoja waliyoitanguliza: kwamba makusudio ya halali ya vita ni kudhoofisha majeshi ya adui, na kwamba mtu akiisha kutolewa vitani yatosha, kwa hiyo silaha yenye kuyazidisha maumivu yake bure, au kukifanya kifo chake kiwe hakina budi, imeuvuka mpaka wa ubinadamu. Kutoka katika hoja hiyo zilizaliwa Kanuni za The Hague za mwaka 1899, zikarudiwa mwaka 1907, ambazo ibara yake ya 22 yasema kwamba haki ya wapiganao kuchagua njia za kumdhuru adui si haki isiyo na mipaka, na ibara ya 23 yaharamisha sumu, na chini kidogo yaharamisha silaha zenye kuleta mateso yasiyo ya lazima.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa kuwa mimi ni mtu wa lugha, na katika ibara hii lugha imecheza mchezo mkubwa. Maandishi yaliyokuwa na nguvu ya sharia mwaka 1907 ni ya Kifaransa, nayo yanasema habari ya silaha ambazo kwa maumbile yake zaelekea kuleta madhara yaliyozidi haja. Bali Waingereza walipoyafasiri waliandika kana kwamba ni silaha zilizokusudiwa kuleta mateso hayo. Tazameni tofauti ilivyo. Kwa neno la kwanza hakimu hulitazama jeraha, kwa neno la pili hulazimika kuutafuta moyo wa mhunzi, aulize, "Ewe bwana, ulipokitia chuma hiki meno uliwaza nini?" na ni mhunzi gani wa kiwanda cha serikali atakayekiri kwamba aliwaza nyama ya mtu? Ugomvi huo haukutulia mpaka mwaka 1977, ilipoandikwa Itifaki ya Kwanza ya kuiongezea Mikataba ya Geneva, ambayo katika ibara ya 35 iliyarudia maumbile ya silaha na kuyaacha makusudio, na katika ibara ya 36 ikailazimisha kila dola inayobuni au kununua silaha mpya iichunguze kwanza kama ni halali. Kenya iliingia katika Itifaki hiyo mwaka 1999. Nayo Katiba yetu ya mwaka 2010 yasema katika ibara ya 2 kwamba kanuni za jumla za sharia ya kimataifa ni sehemu ya sheria ya nchi hii. Kwa hiyo suali la kijana wa Burma si suali la ugenini.

Sasa tuirudie singe yenyewe, neno ambalo lina nasaba na sangin ya Kihindi, na tuipime kwa mizani hiyo.

Fundi wa Kamukunji alitufaa hapa kuliko kitabu. Alichovya kidole katika maji ya kachumbari akachora juu ya meza umbo la pembe tatu lililobonyea pande zake, akatuambia kwamba chuma bapa na chembamba hupinda kwa ubapa wake, lakini chuma kile kile ukikipa pembe tatu na kukichimba mfuo katika kila upande kitakuwa chepesi nacho hakitapinda, na kwamba yeye hufanya jambo hilo hilo kila siku anapoyabonyeza mabati ya masanduku ya wanafunzi ili mfuniko usibonyee, na kwamba bati la paa lisingekuwa na mikunjo lisingevumilia hata paka. Kwa hiyo ile mifuo si mifereji ya kutolea damu, kama wengi wanavyodhani, wala haikufanywa ili kumshinda mganga. Ilifanywa kwa sababu chuma ni ghali na bunduki ni nzito. Majeshi ya Ulaya yalitumia singe za pembe tatu tangu kiasi cha mwaka 1700, kwa muda wa zaidi ya miaka 150, na wajumbe walioketi The Hague walikuwa wamekulia katika majeshi hayo hayo; Warusi walioitisha mkutano wa 1868 na ule wa 1899 walikuwa na singe yenye kingo nne katika bunduki yao ya mwaka 1891, nao hawakuiona kuwa na aibu yoyote. Hata baada ya Mikataba ya Geneva, Uchina, iliyoiridhia mwaka 1956, iliendelea kutengeneza bunduki zenye singe ya kukunjwa iliyo mfano wa msumari.

Na hilo la jeraha lisiloshoneka? Matabibu wa vita watakuambia kwamba hata jeraha lenye pembe tatu hushoneka, lakini tena watakuambia jambo ambalo mwenye kueneza uvumi huu hakulijua, nalo ni kwamba jeraha la vitani aghalabu halishonwi siku ile ile, likiwa ni la duara, la mstari au la pembe, kwa kuwa limeingia uchafu. Husafishwa, nyama iliyokufa ikakatwa, likaachwa wazi siku chache ndipo likafungwa. Kilichowaua waliochomwa kwa singe katika zama za kale si umbo la tundu, ni kina chake. Tundu jembamba lililozama ndani, lisilofikiwa na hewa, ndilo makao ya vijidudu vya pepopunda, na kabla ya chanjo na kabla ya penisilini mtu aliyepona damu alikufa kwa usaha. Watu waliona kwamba majeraha yale hayaponi, wakatazama umbo lake, wakaunganisha mambo mawili. Fauka ya hayo, majeraha yenyewe yalikuwa machache kuliko hofu yake: katika vita vya Marekani vya wenyewe kwa wenyewe, kati ya majeraha kiasi cha 245,000 yaliyotibiwa katika hospitali za jeshi la Muungano, yale ya singe na vitara hayakutimia 1,000. Singe ilikuwa silaha ya kumfanya mtu akimbie kabla haijamfikia.

Nilisema nitamrudishia kijana sehemu ya ushindi wake, na sehemu hiyo iko katika singe nyingine, yenye meno ya msumeno mgongoni. Hiyo haikuzaliwa kwa ubaya. Waingereza walikuwa nayo katika karne ya kumi na tisa kwa wapiga mizinga, Waswisi kwa wajenzi wa jeshi, na Wajerumani kadhalika, kwa sababu askari wa kazi hizo huhitaji kukata miti na matawi, na ilionekana ni rahisi kumpa chuma kimoja kifanye kazi mbili. Walakini vita vya 1914 vilipoanza na askari wa Ufaransa na Uingereza wakaviona vyuma vile vikining'inia viunoni mwa Wajerumani, hawakufikiri miti. Walifikiri matumbo yao, na ikajulikana pande zote mbili kwamba Mjerumani atakayekamatwa akiwa na singe ya namna hiyo asitegemee huruma. Jambo hilo lilitia hofu hata Wajerumani wenyewe wakaanza kuyatia tupa meno yale wayaondoe, na kabla vita havijamalizika jeshi lao lilikuwa likiziondoa singe hizo katika mstari wa mbele. Hapakuwa na mkataba uliozitaja. Zilishindwa na karaha ya watu.

Karaha hiyo haikupotea bure, kwa maana desturi ya mataifa ni chimbuko la sharia kama mkataba ulivyo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilipotoa mwaka 2005 uchunguzi wake mkubwa wa sharia za vita za desturi, ilitaja katika kanuni ya 70 silaha ambazo mataifa yamezinena kuwa zaweza kuleta mateso yasiyo ya lazima, na humo, pamoja na risasi za kutanuka na sumu, mna mkuki wenye ncha za kurudi nyuma na mna singe yenye kingo za msumeno. Singe ya pembe tatu haimo. Na hata ile ya msumeno, kutajwa kwake si sawa na kuharamishwa kwa jina katika mkataba: hukumu itategemea kama meno yale yana kazi ya halali isiyo ya kuitatua nyama, na kama kazi hiyo yalingana na maumivu yaliyozidi. Nao mkataba wa Roma wa mwaka 1998, ulioiunda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao Kenya iliuridhia mwaka 2005, uliahidi orodha ya silaha za namna hii iambatishwe ndipo watu wahukumiwe kwazo. Orodha hiyo haijaambatishwa.

Wala tusidhani kwamba mawazo haya ni ya Wazungu pekee. Wanazuoni wa Kiislamu walijadili zamani yaliyo halali na yaliyo haramu vitani. Shaybani, aliyefariki mwaka 805, aliliandikia jambo hilo vitabu. Mwanachuoni wa madhehebu ya Maliki, Khalil bin Is'haq, katika karne ya kumi na nne, aliuharamisha mshale wenye sumu. Na kukatakata miili ya adui kumekatazwa tangu enzi za Mtume. Kwa mizani hiyo, mishale ya babu zetu wa Ukambani na wa Giriama, iliyopakwa sumu iliyochemshwa, ndiyo silaha pekee katika historia yetu iliyoharamishwa kwa jina, katika herufi ya kwanza kabisa ya ibara ya 23. Singe za waliokuja kupigana nao hazikutajwa.

Neno hilo limenipeleka mahali ambapo kwa kweli ndipo nilipotaka kufika, na ningewaomba msiondoke.

Katika mkutano ule wa The Hague wa mwaka 1899 palizuka suala la risasi za kutanuka, zinazoitwa dumdum kwa jina la kiwanda kilichokuwa karibu na Calcutta. Risasi hizo huingia kama kidole zikatoka kama ngumi. Mjumbe wa Uingereza, Jenerali Sir John Ardagh, alisimama kuzitetea, na hoja yake ilikuwa kwamba mtu mstaarabu akipigwa risasi ndogo hujua ameumia akarudi nyuma, lakini mshenzi mwenye ushupavu, hata akipigwa mara mbili au tatu, huendelea kukukimbilia na mkuki wake mpaka akukate kichwa. Maneno hayo yalisemwa miezi michache tu baada ya vita vya Omdurman, Sudani, tarehe 2 Septemba 1898, ambapo risasi za kutanuka zilitumika na Wasudani zaidi ya 10,000 wakauawa katika asubuhi moja. Wajumbe wengi hawakumkubalia, na azimio la kuziharamisha lilipita. Lakini tazameni lilivyoandikwa: liliwafunga waliotia saini katika vita baina yao wao kwa wao, na lingekoma kuwafunga pindi akiingia vitani mtu asiyetia saini. Nani katika sisi aliitwa kutia saini? Hapakuwa na mjumbe wa Wagiriama, wala wa Wanandi, wala wa Wakikuyu. Uingereza yenyewe ilichelewa kulikubali azimio hilo hadi 1907.

Huo ndio ufa ulio ndani ya sharia hii nzuri, na sioni faida ya kuuficha. Miaka mitatu baada ya mkutano ule, ofisa mmoja wa Keya, Richard Meinertzhagen, alikuwa akizunguka nchi ya Wakikuyu, na katika shajara yake aliyoichapisha mwaka 1957 alieleza jinsi mwaka 1902 alivyoamuru kijiji kizima kiuawe isipokuwa watoto, watu wakafa kwa risasi na kwa singe. Wataalamu wamemkuta mtu huyo na uongo katika mambo mengine, basi kila mtu na ampime atakavyo; lakini sijamwona aliyeuliza kama singe zile zilikuwa na pembe tatu au ubapa.

Au tuchukue jina la Kariokor, tunapopita sote kununua viondo na viatu. Ni jina la Kikosi cha Wachukuzi wa vita vya 1914, waliofungishwa mizigo kuanzia hapa mpaka mto Rufiji na kupita. Kwa hesabu ya serikali yenyewe zaidi ya 40,000 walikufa, na walio wengi hawakuguswa na singe ya mtu: waliuawa na kuhara, na unga usioiva, na baridi, na uchovu. Hebu niambieni, ikiwa kuna mateso yasiyo ya lazima, yasiyoleta nguvu yoyote katika vita, ni yapi kuliko ya mtu aliyekufa njiani kwa sababu hakuna aliyejali kumpa sufuria na muda wa kuuchemsha unga wake? Lakini ibara ya 23 inahesabu silaha, na posho mbovu si silaha. Kule Dar es Salaam Waingereza walimsimamisha askari wa shaba, mwaka 1927, singe yake ikiwa mbele imeelekea bandarini. Hapa Nairobi, mwaka uliofuata, walimweka na mchukuzi pamoja na askari, na mimi kila nikipita Barabara ya Kenyatta humtazama yeye kwanza.

Na tarehe ile aliyoitaja mzee, 24 Aprili 1954, ndiyo siku ya Operesheni Anvil. Mitaa ilifungwa, nyumba zikafunguliwa moja moja, watu wakatolewa na kuchambuliwa, na zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini, Langata, Mackinnon Road na Manyani. Uingereza ilikuwa imeweka saini yake katika Mikataba ya Geneva, lakini haikuiridhia mpaka Septemba 1957. Na fauka ya hayo ilishikilia kwamba yaliyokuwa yakitokea Kenya si vita, bali ni Hali ya Hatari, na pasipo vita hapana sharia za vita. Kwa hiyo siku ile singe iliyosimama katika mlango wa mtu Shauri Moyo haikuwa halali wala haramu kwa sharia ya The Hague, kwa maana sharia hiyo haikuwa imeingia mtaani. Ingekuwa ya pembe tatu, ingekuwa ya msumeno, ingekuwa bapa kama kisu cha jikoni, hukumu ilikuwa ni moja. Leo mambo hayako hivyo. Ibara ya 3 iliyo ya pamoja katika mikataba yote minne inashika hata katika vita vya ndani, nayo Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya mwaka 2008 imeyatia makosa ya vita mikononi mwa mahakama zetu. Nalisema hilo kwa furaha, na tena nasema kwamba limechelewa.

Jana jioni niliwarudia wenzangu pale Burma kabla ya kuja kwenu, nikawaeleza haya kwa ufupi. Kijana alikubali, kwa uungwana, kwamba singe ya pembe tatu haimo katika mkataba wowote, akaniomba nimwandikie namba ya ile kanuni ya Msalaba Mwekundu. Fundi alichukua kipande cha karatasi ya kufungia nyama, akachora juu yake maumbo mawili, moja la pembe tatu na moja la kingo nne, akamsogezea mzee aseme ipi ilikuwa ile ya babaye. Mzee hakusita, aliweka kidole juu ya ile ya kingo nne, akasema kwamba alizoea kuzihesabu kwa vidole alipokuwa mtoto, nguo zikikauka juu ya kichwa chake.

"Na ya yule askari aliyesimama mlangoni siku ile, babu?" kijana akamuuliza. "Ilikuwa na ngapi?"

Mzee aliikunja ile karatasi taratibu, akaitia katika mfuko wa koti.

"Ile," akasema, "sikuihesabu."